Mabati ya Watu wa Mangina

Ézéchias Syauswa alisoma Ulaya miaka minane, akarudi Butembo na swali moja: aliye na kitu cha wizi anatakiwa afanye nini mbele ya Mungu? Wanateolojia wa karne ya kumi na tatu walijibu kwamba hasamehewi mpaka akirudishe kwa mwenyewe, na aliyekinunua akijua kilikotoka ni vivyo hivyo. Hilo alilifundisha seminarini miaka kumi na minne. Kitabu chake kilikuwa bado fishi, yaani kadi elfu sita za mwandiko wake, ndani ya makatoni ya sabuni nyumbani kwake mtaani Kimemi.

Mwanzoni mwa 2003 paa lilioza, makatoni yakaanza kulowa. Mfanyabiashara Kahongya, mwanafunzi wake wa zamani, akampa mabati thelathini pamoja na fundi. Siku tatu za mawingu fishi zilikaa pakavu. Siku ya nne jua likatoka, na Profesa akaona nukta za mwanga mezani. Kila bati lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani.

"Uliyatoa wapi?" alimuuliza Kahongya.

"Prof, ndiyo vita. Basoda na bunduki yabo baliyang'oa ku manyumba ya Mangina, benyewe balikuwa bamekimbia. Miye nilinunua tu kwao."

"Nilikufundisha nini?"

"Na ulinipa quatorze sur vingt, alama kumi na nne juu ya ishirini!" Kahongya akacheka.

Profesa alirudi, akapanda ngazi mwenyewe. Mkewe, Anne-Marie, alisimama chini, mikono kiunoni.

"Unavua nyumba yetu sababu ya bapadri balikufa miaka mia saba? Hata bo benyewe balilala chini ya paa!"

"Ni ya watu, Mama."

"Na siye hatuko batu?"

Aliyapanga mabati kwenye uwanja wa parokia, wakimbizi wa Mangina wakatangaziwa mpaka Beni waje kuchukua yao. Jumanne iliyofuata wanajeshi walikuja na lori, wakayapakia yote. Nyumba ilifunikwa turubai. Mvua za Machi zilipenya pembeni mwa turubai, wino ukatoka, fishi zikashikana kama ugali. Zilizikwa nyuma ya jiko.

Aprili akafika mama mmoja, Orpa, kwa miguu kutoka Beni.

"Papa, balisema mabati yetu iko hapa. Yangu iko na rangi ya kijani ku pembe."

Profesa aliyakumbuka, alikuwa ameyashusha kwa mikono yake. Akamweleza yaliyotokea. Orpa akatazama turubai.

"Kama ungeyaacha pale juu, leo ningeyakuta."

Kimemi wanalirudia neno hilo kumcheka Profesa. Wanasahau kwamba kama angeyaacha, Orpa asingetangaziwa kitu. Yeye mwenyewe hakujitetea hivyo.

"Nililala chini ya mabati yako siku nne," alisema, akaanza kufungua kamba za turubai.

Anne-Marie ndiye aliyeleta kisu.

"Kata katikati sawasawa," alisema. "Usimuibie mama wa watu."

Chumba cha vitabu kilibaki wazi kwa juu mpaka Juni.