Mkono wa Mama

Mjukuu wangu mwalimu alinieleza juzi kwamba wataalamu wa vipimo walitunza fimbo ya madini chini ya kufuli, ndiyo iwe mita ya dunia nzima. Sasa wameiacha, wanapima kwa mwanga, maana hata madini hurefuka kwa joto. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Kumbe na wao walihangaika na swali lililotugombanisha sisi pale Salale, kwenye delta ya Rufiji, mwaka nilioolewa: tupime kwa mkono wa nani?

Ilikuwa wakati wa vita vya Maji Maji. Mimi, mama na mjomba tulikimbia kutoka milima ya Umatumbi, watu wa delta wakatupokea. Hapo nikaposwa na mvuvi wa kamba, mfupi, mcheshi, na nilimpenda, sifichi. Kilichobaki ni mkaja, kitambaa anachopewa mama wa binti ajifunge kiunoni. Kwetu mkaja ni mikono minane ya kaniki, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na anayepima ni mjomba.

Mjomba wangu alikuwa mrefu wa kuinama kila mlangoni. Kaniki ambayo mchumba aliipima mikono minane, kwa mjomba iliishia saba. Maduka yalikuwa yamefungwa kwa vita, na kaniki nyingine haikupatikana hata kwa dawa.

"Mkono ni wa anayetoa," akasema mama wa mchumba wangu.

"Mkono ni wa mjomba," akajibu mjomba. "Mkaja ukipungua, watu watasema tumemtoa binti yetu bure kwa kuwa tulikuja na njaa."

Hapo niliogopa kweli. Mjomba akishaguswa heshima harudi nyuma, na harusi yangu ingesubiri vita viishe. Niliuchukia ule mkono wake mrefu kama vile ulinikosea makusudi.

Mama akaivuta kaniki kwake. "Kaka," akasema, "mkaja unafungwa kiuno cha nani?"

"Chako."

"Basi na mkono ni wangu."

Akaweka kiwiko kwenye upindo, akakunja ngumi. Huo ni mkono konde, unaoishia kwenye ngumi. Wauza nguo wote wa pwani waliujua, hakuna wa kusema si kipimo. Mjomba akafungua mdomo, mama akamwahi.

"Na kiuno chenyewe kimekonda tangu tukimbie. Kitambaa kirefu nikizungushe wapi?"

Watu wakacheka, na mjomba akacheka kuliko wote, ingawa machozi yalimlenga. Minane ikatimia, kikabaki kipande, mama akamtupia mjomba begani. Naye akakata ufito wa mkoko sawasawa na mkono ule, ili watu wasigombane tena.

Ufito huo ninao. Ni mfupi kuliko mkono wa mtu yeyote nyumbani kwangu, na mkaja wa kila binti yangu nimeupokea kwa kipimo hicho.