Adui Aliyekufa Siku Nne Kabla ya Kipigo Chake

Jumanne asubuhi nilipopigiwa simu kwamba fundi runinga wa Mwanjelwa amefariki, presha imemwangusha akiwa dukani kwake, neno la kwanza kunitoka halikuwa pole wala sala. Nilisema, "Kanikimbia." Mke wangu alinitazama vibaya, na alikuwa na haki. Lakini mimi na mtu yule tulikuwa na miadi Jumamosi, na miadi yenyewe ilikuwa ya kumwaibisha.

Marehemu alikuwa Mhehe wa Kilolo, mimi ni Mngoni, kwa hiyo tulikuwa watani tangu hatujazaliwa. Dukani kwake hapo Mbeya alikuwa na mashine ya gemu ya zamani, ile ya kaseti, aliyokuwa akiichomeka kwenye runinga za wateja kupima picha. Gemu lilikuwa moja tu: mnaingia wawili katikati ya mawe, mnayasukuma kufungua njia huku moto unawafuata, na anayezibiwa njia anaungua. Nilipokuwa nachumbia, nilimsindikiza baba mkwe mtarajiwa kuchukua runinga yake. Fundi akanipa pedi ya kuchezea, eti tupime rangi. Alinibana kwenye kona ile ile mara saba mfululizo, mzee akihesabu kwa sauti. Kisha akasema taratibu, "Mzee, binti mpe tu. Ila huyu ukimtuma sokoni mwambie arudi kwa njia aliyoendea, akibadilisha atapotea." Mzee alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Binti nilipewa, na jina nikapewa: Bwana Kona. Lilitajwa kwenye harusi yangu, na wajomba wa watoto wangu hadi leo hawanijui kwa lingine.

Sasa wenye gemu hilo huko ng'ambo wamelifufua. Limerudi na rangi na muziki, na mtu analicheza hata kwenye simu. Nikalichukua, nikajifungia nalo miezi mitatu. Limetengenezwa vizuri, sikatai, ila lina huruma ya kuudhi. Ukikosea linakuruhusu kurudisha hatua, ukishindwa linakusifu kwa kujaribu. Unaweza kucheza na mtu usiyejua yuko nchi gani, akakuunguza, akaondoka bila neno. Ndivyo tulivyo siku hizi, tunachukiana na watu tusiowajua na chuki yenyewe haina ladha. Yule fundi alinishinda tukiwa bega kwa bega, nguo zake zikinuka moshi wa kuchomelea, akanicheka usoni. Adui kama huyo unamwandalia, na mimi nilikuwa nimeiva.

Nilikwenda mazikoni Kilolo na gemu mkobani. Jeneza lilipotolewa nilikaa katikati ya njia ya makaburini nimeshika pedi, nikatangaza kwamba hazikwi mtu hapa mpaka amalize mchezo wake. Mtani msibani hafukuzwi, hubembelezwa. Mchungaji akajifanya anatafuta ukurasa, waombolezaji wakaanza kucheka huku wanafuta machozi. Mjane akaja akachuchumaa mbele yangu, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mtani. Tuache tumzike baba watoto. Tukirudi nyumbani nitacheza mimi kwa niaba yake. Kanifundisha mwenyewe."

Nikasimama, nikawapisha.

Mchana ule sebule ilijaa watu mpaka madirishani. Shemeji, yule mjane, alikuwa mkali kuliko nilivyotegemea. Alichukua mchezo wa kwanza, nikachukua wa pili, na wa tatu nikambana pembeni, limebaki jiwe moja la kusukuma. Mkono ukanisita. Yeye akaacha kubonyeza.

"Malizia, mtani," akasema. "Mwenzio asingekuonea huruma."

Nikamalizia. Watu wakapiga makofi, shemeji akaweka pedi chini na kwenda kuangalia chakula cha wageni. Mimi nikageuka kutafuta uso wa aliyeshindwa, ule niliokuwa nauwaza miezi mitatu, na haukuwepo.

Kosa langu ni moja. Nilitaka ushindi usio na shaka, ndiyo maana nikajificha kufanya mazoezi badala ya kwenda dukani kwake siku ile ile gemu liliponifikia. Ningekwenda, huenda angenishinda tena, lakini ningepata miezi mitatu mizima ya kugombana naye. Sijamsamehe, na simsamehe. Kama nawe una mtu wa kulipiza, mtu unayemjua kwa sura na sauti, usisubiri mpaka uwe bora kuliko yeye. Mfuate wiki hii, hata akushinde.