Jumatano Saa Nne Asubuhi

Mjomba wangu, ambaye nyumbani sote tulimwita tonton, alikuwa akiipima kazi kama watu wanavyompima mchumba. Inatoka familia gani? Ina jina? Ukiitaja harusini, watu watageuka? Mshahara aliuuliza mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, maana aliona si adabu. Yeye mwenyewe alikuwa akilinda maegesho ya magari, lakini katika barua zake za kwenda nyumbani Bukavu alikuwa «dans la sécurité», yaani kwenye mambo ya usalama, na hakuna aliyewahi kumuuliza zaidi.

Nilikaa kwake Etterbeek, huko Ulaya, katikati ya miaka ya tisini, na kwa mwaka mzima sikuwa na kazi. Msinionee huruma sana. Kukaa bure kulikuwa na faida moja: kila Jumatano saa nne asubuhi mama alinipigia simu. Kwetu hakukuwa na simu. Mfanyabiashara mmoja aliyesali naye kanisa moja alimruhusu kutumia ya ofisini kwake, siku hiyo tu, saa hiyo tu, dakika tano. Saa tatu na nusu mimi nilikuwa nimeshakaa kando ya simu ya tonton, nimechana nywele kana kwamba mama ataniona.

Ndipo wiki moja zikanijia kazi mbili, mimi niliyekuwa sipati hata moja. Ya kwanza ilikuwa kupanga mafaili kwenye kampuni ya bima: badge ya kifuani yenye picha, tiketi za chakula, mshahara wa kuheshimika. Ya pili ilikuwa kwenye nyumba ya wazee huko Uccle, kuwaosha na kuwalisha na kubadilisha mashuka, kwa mshahara mwembamba na tramu mbili kila asubuhi. Tonton hakuhitaji hata kufikiri. Jumapili ile, kabla sijamjibu mtu yeyote, kanisa zima la tonton lilikuwa linanipongeza kwa bima.

Lakini mimi nilikuwa nimeuliza swali moja kote kuwili. Jumatano saa nne, naweza kupigiwa simu? Bwana wa bima alinitazama kama mtu aliyeombwa aazimishe mswaki wake. Simu ni za wateja, alisema. Kule Uccle mkurugenzi, mwanamke aliyenipokea akiwa na aproni, aliuliza ni nani atakayepiga. Nikamwambia ni mama. Akanipeleka kwenye korido ya jikoni, akanionyesha simu ya ukutani, akaniambia niangalie tu supu isiungue.

Tonton alipata habari akiwa anafunga tai.

«Mutoto, unaacha badge juu ya simu?»

«Naiacha kwa ajili ya mama, tonton.»

«Mama yako ni dada yangu. Minamujua kukupita. Bon, yeye angependa badge.»

Alininunia siku mbili. Ya tatu akawatangazia watu wa kanisani kwamba niko «dans la santé», yaani kwenye afya, na mambo yakaisha. Kwa dada yake hakusahihisha kitu. Alikuwa amekwisha kumwandikia habari ya bima, na stempu ilikuwa imeshalambwa.

Kwa hiyo Jumatano yangu ya kwanza kazini mama, akipiga kwa namba mpya niliyompa wiki iliyotangulia, aliuliza, «Watu ya assurance banakuchunga muzuri?» Nyuma yangu mzee mmoja alikuwa anapiga meza kwa kijiko akidai pudini. Nikasema ndiyo, mama, wananichunga. Nilikuwa nakula wali wa tonton. Nisingeweza kumvua nguo mbele ya dada yake.

Kisha vita vikaingia Bukavu, na simu ikanyamaza.

Jumatano tano. Niliogopa kiasi kwamba mikono ilikuwa inasahau kazi, nikivalisha soksi mguu uliokwisha kuvaa. Mkurugenzi hakunituma ghorofani saa ile hata mara moja. Kulikuwa na bibi mmoja pale aliyekuwa amesahau hata majina ya watoto wake. Huyo, ikifika Jumatano, alikokota kiti chake mpaka chini ya simu akangoja pamoja nami.

Jumatano ya tatu mlango ulifunguka, akaingia tonton. Tai, viatu vinang'aa, kofia mkononi. Alikuwa ameomba ruhusa kwenye maegesho yake. Aliyatazama mashuka, akaitazama aproni yangu, akamsalimu bibi kwa heshima zote, akaketi kando yake. Saa tano akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi, na iliyofuata pia.

Jumatano ya sita simu ililia. Bibi alikuwa karibu zaidi, mimi nilikuwa na miguu myepesi zaidi, lakini aliyeinyakua alikuwa tonton.

«Dada?»

Akasikiliza. Mkono wake mwingine ulishika ukuta. Nikajua mama yuko hai kwa jinsi mabega ya tonton yalivyoshuka, na nikaanza kulia hapo hapo, taulo begani. Kisha bila shaka mama aliuliza kama niko kwenye bima, kwa sababu tonton alinitazama, mimi na taulo langu.

«Hapana, dada. Haiko assurance, nilikudanganyaka. Mutoto eko ku kazi ya bazee. Anabaosha, anabakulisha. Iko kazi ya muzuri.»

Akanikabidhi simu, akaenda jikoni kuiangalia supu.