Wamenililia asubuhi, muchana nimekula kwetu

Rafiki zangu, leo nimeagwa kama maiti, na muchana nilikuwa tena mezani kwetu.

Munajua ilikuwa niende Elisabethville kuanza mwaka wa kwanza wa ekonomi kwenye chuo kikuu. Basi mutaa wote ulikuja kwenye gare ya treni. Mama alilia. Shangazi alilia kumushinda Mama, na yeye nimemuona mara mbili tu tangu nizaliwe. Papa, fundi wa reli, alinishika mukono.

Treni ikaondoka.

Hata hatujaenda mbali na ziwa, mashine ya treni ikafa. Wakatuambia turudi kesho.

Nikarudi kwa miguu, sanduku kichwani, nikapitia mulango wa nyuma kwa haya.

Jamani.

Shangazi alikuwa amelala kwenye kitanda changu. Mudogo wangu alikuwa amevaa shati niliyomukataza kugusa. Na samaki mukeke, ambaye asubuhi niliambiwa hayupo, alikuwa katikati ya meza. Mukubwa, na kichwa chake.

Papa akatazama sanduku, akauliza: "Ni mashine gani ile imekufa?"

Lakini Mama njo aliniweza. Alishusha pumzi, akasema: "Sasa kesho tulie tena?"

"Ikiwezekana, Mama."

"Nitalia kidogo. Machozi yangu nimeyamaliza leo yote. Wewe unaenda kusoma ekonomi, utanielewa."

Treni ni kesho saa mbili asubuhi. Mwenye machozi yaliyobaki, aje.