Kasuku Hakujua Neno "Baba"

Umewahi kumsikia marehemu akikuita utoke nje, mkate unagawiwa?

Mimi nimewahi kumtengeneza. Tena si mmoja. Matusi yenu leteni tu hapo chini, nitayasoma yote.

Wakati wa vita nilikuwa fundi sauti wa redio. Jeshi lilipouteka mtaa liliichukua na redio, na sisi tuliokuwemo tukachukuliwa pamoja na viti.

Wakatuletea mashine. Dude la kijivu, ukubwa wa sanduku la nguo. Tukalibatiza Kasuku.

Ukimlisha Kasuku dakika tano za sauti ya mtu, anamwiga mpaka mke wa mtu anaitika. Sauti ile inatumwa kwenye vipaza sauti vinavyoruka, vinaelea juu ya nyumba ambazo watu wamejificha chini ya sakafu. "Mke wangu, toka. Vita vimeisha."

Mke anatoka. Anapigwa risasi palepale mlangoni.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha. Nafuta risasi, nafuta mayowe, napachika vicheko vya watoto. Jioni inarushwa kama mchezo wa redio: wananchi wapokewa kwa amani.

Sasa, Kasuku alikuwa na ugonjwa mmoja. Alijifanya mwalimu wa lugha.

Mama akimwita mwanawe "baba", Kasuku aliona ni kosa. Mtoto atakuwaje baba wa mama yake? Basi anasahihisha mwenyewe: "mwanangu."

Siku moja tukamlisha sauti ya mama mmoja mwoka mikate. Kasuku akaita juu ya paa, "Mwanangu, toka." Kimya. Akaita tena. Kimya.

Kapteni akapiga meza. "Tatizo nini?"

Na mimi na kiherehere changu! "Kapteni, kwenye kanda huyu mama anamwita mwanawe 'baba'. Kina mama wengi huita hivyo."

Nikalirudisha neno kwa mkono wangu. Nilijiona fundi kwelikweli.

"Baba, toka baba."

Kijana akatoka mbio, miguu mitupu. Wakampiga risasi ya tumbo. Akawa anatambaa huku anakiita kile kipaza sauti kilichoelea juu yake, "Mama! Mama!" Na Kasuku anamjibu, "Baba, njoo baba." Ya pili ilikuwa ya kichwa. Yote niliyasikia masikioni mwangu.

Kapteni akanipigapiga begani. Nikarudi kusafisha.

Wiki mbili baadaye akaniwekea kanda nyingine mezani.

"Huyu ni mama yako. Tumemkamata kwenye kizuizi cha barabarani. Usijali, yuko ofisini anakunywa chai."

Nilijua wanamtaka nani. Mdogo wangu, fundi cherehani, alikuwa amejificha chini ya karakana yake na watu arobaini na watatu. Jeshi lilijua mtaa, halikujua mlango. Akitoka yeye, mlango umejulikana na wote wamekwisha.

"Mama yenu humwitaje mdogo wako?" Kapteni akaniuliza, kanikazia macho.

Mdogo wangu alipewa jina la babu, baba yake mama. Tangu azaliwe, mama hajawahi kumwita kitu kingine. "Baba, umekula?" "Baba, nitungie uzi." Hata siku za kuchapwa: "Baba, lala hapa nikuchape!" Sisi tunacheka mpaka na yeye fimbo inamponyoka.

"Humwita mwanangu, Kapteni."

"Si wewe uliyesema wengi huita baba?"

"Wengi. Mama yetu hapana."

Akanizaba kofi, damu ikanijaa mdomoni. Kisha akatoka.

Kesho yake, saa nne asubuhi, akanipigia kwa simu ya upepo. "Leo Kasuku tumempakia kwenye gari, yuko hukohuko mtaani. Wewe safisha kinachokuja."

Nikavaa vipokea sauti vya masikioni.

"Mwanangu," ikasema sauti ya mama. "Mwanangu, toka nje. Vita vimeisha."

Kisha ikakohoa. Nikajisemea, kha! Hili dude limejifunza mpaka kukohoa.

"Na kaka yako ananisikia," ikaendelea. "Mwambie sina kinyongo naye."

Hayo hayakuwemo kwenye maandishi aliyopewa Kasuku ayaseme. Nikajua Kasuku kapotoka. Nikayakata kwenye kanda.

Ukalia mlio mmoja wa bunduki. Nikadhani Kapteni kapiga hewani kwa hasira. Nikaufuta, nikapachika vicheko. Nilivipachika kwa furaha, jamani. Kwa furaha! Hakuna mlango uliofunguka. Mdogo wangu hakutoka.

Vita vilipoisha, Kapteni alikimbia, na mimi nikazunguka kila ofisi nikimtafuta mama. Hakuna aliyemjua.

Mdogo wangu ndiye aliyenipata. Kakonda, lakini mzima. Mchana wa siku ile aliyoitwa, alikuwa amewapitisha watu wake wote kwenye mtaro wa maji machafu. Arobaini na watatu, hakupotea hata mmoja.

Nikamkumbatia, nikaanza kujigamba. "Nilikuokoa mimi, bwana! Nilimdanganya Kapteni, Kasuku akakuita mwanangu, na wewe ukajua ni uongo."

Akajitoa mikononi mwangu.

"Kaka, Kasuku gani?"

"Ile mashine. Ile sauti ya mama."

"Haikuwa mashine. Nilimwona kwenye tundu la hewa. Mama alisimama katikati ya barabara na kile kilemba chake cha kijani, kashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Bunduki kisogoni. Hakuitazama karakana, akaniita mwanangu."

Nikakaa chini, palepale sakafuni.

Kapteni hakuniamini. Alimpeleka mama mwenyewe. Na mama, aliyejua tu kuwa nipo redioni, asiyejua habari za Kasuku wala za uongo wangu, alitafuta neno moja la kumwambia mwanawe asitoke, akalipata lilelile. Walimpiga hapohapo.

Na risasi yake niliifuta mimi.

"Lakini ulisikia alivyokwambia?" mdogo wangu akauliza kwa upole. "Ile ya kinyongo. Kanda si unayo?"

Nilishindwa kumtazama.

"Nilikata, baba," nikamwambia.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Sijawahi kumwita hivyo maisha yangu yote. Akalia, nami nikalia, hatukubembelezana.

Basi ndugu yangu, ukisikia sauti ya umpendaye ikikwambia toka, piga, chukia, usiharakishe kuitika. Sikiliza kwanza inakuitaje.

Na wewe uliyekaa kwenye meza ya kukata sauti za watu, hakikisha si mama yako anayekusamehe.