Mapacha na Kipande cha Sabuni

Nilikuwa mtoto wa darasa la pili mama alipojifungua mapacha, Kulwa na Doto, miaka ile ambayo sukari tuliisikia kwa jina tu na nguo tulizifua kwa majani ya mpapai. Kijijini kwetu, upande wa Nyegina, mapacha walikuwa wa watu wote. Bibi, mama yake baba, alinipa ungo akanituma nizunguke vitongoji vyote vitatu kutangaza habari.

"Watakachokupa kiwe viwili," alisema. "Ukipokea kimoja, pacha mmoja atasusa titi."

Nilianza kwa watu wa ziwani. Wale waliongea wote kwa pamoja na kucheka kabla hujamaliza salamu. Nyavu zao zilikuwa viraka vitupu, lakini walinipa sato wawili, wakaniimbia mpaka njia panda. Watu wa mashamba ya pamba walikuwa wapole. Waliuliza kwanza habari za ng'ombe, ndipo za binadamu. Mama mmoja alinipa doti nzima ya kanga, pande zote mbili. Hadi leo sijui yeye alibaki anavaa nini.

Wa mwisho walikuwa watu wa majabalini, waliogoma kuhama wakati vijiji vya ujamaa vinaundwa. Huko aliishi Mzee Magesa, kaka yake bibi. Bibi alipomfuata mumewe kushuka kijijini, Magesa alisema dada yake ameyatupa makaburi ya wazazi wao. Tangu hapo hawakukanyagiana uwanja.

Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na kipande cha sabuni.

"Babu, bibi kasema viwili."

"Ninacho hiki. Bibi yako akitaka cha pili, aje mwenyewe."

Nilijua napaswa kukataa. Lakini sabuni ilinukia vizuri mno. Nikaiweka chini ya kanga, na nyumbani sikusema neno.

Asubuhi Doto alikataa kunyonya. Mama alimbembeleza, akambadilisha mkao, mtoto akageuza uso tu. Kulwa alikuwa ananyonya kwa wawili. Kufika saa nne nililia kuliko Doto, nikamtolea bibi ile sabuni.

Hakunipiga. Aliitazama muda mrefu. "Ya Magesa?"

"Ndiyo, bibi."

Alijifunga kanga kiunoni akaanza kupanda majabali, mimi nyuma yake. Kaka yake alikuwa ameketi nje akisuka kamba. Bibi alisimama mbele yake akihema.

"Shikamoo, kaka. Watoto wetu umewapa kimoja."

"Marahaba. Cha pili sina, dada. Kweli kabisa sina."

"Basi njoo wewe."

Mzee aliweka kamba chini. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Bibi naye akacheka, mpaka akakaa chini kwenye jiwe. Tuliposhuka, watu wa majabalini walitufuata na ngoma, wa pamba wakaacha majembe, wa ziwani wakatusikia kabla hatujawasikia. Walijaa uwanjani kwetu, wakawanyunyizia mapacha na wazazi wao maji ya baraka yenye unga wa ulezi. Mzee Magesa alimpakata Doto kwa woga, kama anayeshika yai. Mtoto aliporudishwa kwa mama, akanyonya.

Nilipokuwa mkubwa mama aliniambia kwamba upande aliokuwa akinyonya Doto titi lilikuwa limejaa likawa gumu, na maziwa yalianza kutoka vizuri mchana ule ule. Huenda. Baadaye maduka ya Musoma yalijaa sabuni za kila rangi, na mapacha wengine walizaliwa wakaletewa viwili viwili kutoka kwenye mifuko, bila mtu kuzunguka na ungo. Sikumcheka bibi hata nilipokwisha kusoma. Sijui kama mtoto wa siku tatu anaweza kusikia upungufu wa sabuni. Ninachojua ni kwamba bibi, aliyekuwa na miaka ya kutosha kuzoea kuishi bila kaka yake, siku ile alipata sababu ya kwenda kumchukua, na aliishika kwa mikono yote miwili.