Vipepeo wa Mke wa Kinyozi

Kinyozi alikuwa na duka mbele na bustani nyuma, na katikati ya hivyo viwili ndipo alipoishi na mke wake. Duka lenyewe lilikuwa chumba cha kwanza cha nyumba: kiti cha kuzunguka, kioo kilichopasuka pembeni, na benchi la wateja ambao nusu yao hawakuja kunyolewa bali kupiga soga. Ukivuka pazia unaingia sebuleni, kutoka sebuleni chumba cha kulala, na dirisha la chumba cha kulala linatazama bustani. Nasema bustani kwa heshima tu. Ilikuwa kijiuwanja chenye ukuta wa matofali, kamba ya nguo, pipa la maji na midimu miwili ambayo haikupata kumpa mtu ndimu ya maana, kwa sababu majani yake yote yaliliwa na viwavi, na viwavi hao walikuwa na kibali cha mwenye nyumba.

Mwenye nyumba, kwa mambo ya midimu, alikuwa mke.

Kila asubuhi, baada ya kufua na kabla ya kuinjika chai, alipita akigeuza majani machanga kutafuta mayai ya vipepeo, ya manjano mepesi, madogo kama kichwa cha pini. Akiyaona anakata kitawi, anakitia kwenye chupa ya maji, anaziba mdomo wa chupa kwa pamba wadudu wasije wakazama, kisha chupa inaingia kwenye boksi alilojitengenezea mwenyewe kwa mbao za dirisha kuukuu na kipande cha chandarua. Humo ndege hawafiki wala nyigu hawaingii. Viwavi wakiwa wachanga hufanana na kinyesi cha ndege, na mke alisema hiyo ndiyo akili yao, maana nani atakula kinyesi? Wakikua wanakuwa kijani, wanene, na ukiwachokoza wanatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu ya ndimu iliyooza.

"Wenzako wanafuga kuku," kinyozi alimwambia zamani zile, walipokuwa wageni katika ndoa. "Kuku atakupa yai. Kiwavi atakupa nini?"

"Kiwavi hapigi domo kutwa nzima," mke alimjibu. "Ninaye mmoja apigaye tayari, ananitosha."

Walicheka wote wawili. Siku hizo walicheka sana.

Watoto hawakupata. Walikwenda kwa madaktari, wakapewa dawa na matumaini, dawa zikaisha na matumaini nayo yakaisha, na polepole wakaacha kulizungumza. Mke akazidi kukaa nyuma na midimu yake, mume akazidi kukaa mbele na wateja wake. Na huko mbele, mdomo ulipomwasha, kinyozi alikuwa na mzaha wake mmoja aupendao. "Mke wangu ndiye mwenye watoto wengi kuliko wote mtaani," alisema huku akinoa wembe, "na wote wanatambaa!" Benchi zima liliangua kicheko. Alimpa hata jina, Mama Viwavi, na jina likashika mpaka sokoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka watu wacheke, na mtu wa namna hiyo haangalii sana kicheko kinatoka mfukoni mwa nani. Pazia nalo ni kitambaa tu. Kila neno lilisikika sebuleni.

Kisha mke akashikwa na kifua. Kilianza kama mafua, kikawa kikohozi, kikawa kitanda. Hospitali walimpima, wakamlaza, wakampima tena, halafu wakamrudisha nyumbani kwa maneno laini. Daktari alimvuta kinyozi kwenye korido akamwambia, "Mzee, kaeni naye vizuri." Kinyozi, aliyezoea kusema na kila mtu juu ya kila jambo, aliitikia kwa kichwa akaenda kukusanya nguo za mkewe. Mke hakuuliza daktari amesema nini. Aliusoma uso wa mumewe, ikamtosha.

"Kuna viwavi kwenye boksi," alisema jioni ile alipokwisha kulazwa kitandani. "Wako karibu kujifunga wageuke vifuko. Nataka niwaone hawa wakiruka. Mengine yote nimeshaona."

"Utawaona," kinyozi alisema. "Nitawalea mimi."

Mke alimtazama kwa shaka ambayo hata wewe na mimi tungekuwa nayo. Lakini kinyozi alidhamiria. Aliliingiza boksi chumbani, akaliweka juu ya stuli karibu na dirisha ili mkewe aone bila kuinua kichwa. Alikata majani. Alibadilisha maji. Alifanya hivyo huku amekunja pua, lakini alifanya, na kila alipotoka kwenda kwa mteja alirudi mbio kuchungulia kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Ndipo akaja muuguzi kumwangalia mgonjwa. Alikuwa mama mpole, mwenye viatu visivyotoa sauti. Alimpima, akamgeuza, akampa dawa, na alipokuwa anatoka akamwambia kinyozi mlangoni, "Baba, chumba kiwe safi sana. Mapafu yake hayana nguvu ya kupigana na uchafu." Akalitupia boksi jicho, na mavi ya viwavi yaliyotapakaa chini yake, akaondoka.

Sasa, ukimwambia mtu mwingine neno usafi, atachukua fagio. Kinyozi alikuwa na usafi wake wa kazi. Mashine, wembe, kitana, mkasi, chochote kilichogusa kichwa cha mtu, alikipuliza dawa kwa chupa ya kubonyeza mpaka kikalowa, akakifuta kwa taulo jeupe, ndipo kikawa safi. Hilo lilikuwa jambo alilojivunia kuliko yote. Hakuna mteja aliyewahi kutoka kwake na mapunye. Kwa hiyo, mke alipopitiwa na usingizi, alikwenda dukani akaileta chupa yake. Alipuliza mbao. Akapuliza chandarua ndani na nje. Akapuliza sakafu ya boksi, akapuliza majani na, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu, akawapuliza na viwavi wenyewe, mmoja mmoja, kwa sababu nao walikuwa wametambaa katika uchafu. Kisha akafuta kwa taulo. Akakaa pembeni ya kitanda, ameridhika, akingoja mkewe aamke amsifu.

Mke aliamshwa na ile harufu.

"Umefanya nini?"

"Nimesafisha," alisema kinyozi. "Muuguzi kasema..."

Hakumaliza. Alifuata macho ya mkewe. Viwavi walikuwa wameachia vitawi. Wengine walijikunja chini wakitoa pembe zao na kuzirudisha ndani, wengine walining'inia kwa miguu ya nyuma, wamelegea. Kinyozi aliwamwagia maji. Akawapepea kwa gazeti. Akaenda akarudi, akaenda akarudi, hajui anatafuta nini, na mpaka anasimama tena mbele ya boksi hakuna aliyekuwa akicheza.

"Miaka yote umewacheka," mke alisema, "na leo umewamaliza."

Akageukia ukutani. Hakusema neno lingine siku ile, wala iliyofuata.

Mdogo wake mke alikuja kusaidia kuuguza. Alimlisha dada yake uji, akamwogesha, na kila kinyozi aliposogea na kuanza kusema, alimshika mkono akamwambia, "Shemeji, mwache apumzike." Jambo lililomkosesha raha kinyozi ni kwamba hakujua. Je, mke amenyamaza kwa hasira, au amenyamaza kwa sababu ugonjwa umemla sauti? Hasira angeweza kuibembeleza. Kwa lile lingine hakuwa na la kufanya. Na hakutaka chochote duniani isipokuwa mkewe awaone vipepeo wakiruka na amtazame tena kabla hajaondoka.

Midimu yao ilikuwa imebaki vijiti, na kipepeo hatagi kwenye kijiti. Basi kinyozi alifunga duka mchana kweupe, akatoka. Aligonga nyumba moja baada ya nyingine, kwa watu wale wale aliowachekesha, akisema, "Samahani, naomba niangalie mdimu wako." Wengine walidhani ni mzaha mpya, wakangoja sehemu ya kucheka. Haikuja. Alichutama uani mwao akigeuza majani, miwani imemshuka puani, na wakarudi ndani kimya kimya. Mwishowe, nyuma ya kibanda cha mama muuza mkaa, kwenye mlimau uliopandwa katika ndoo iliyotoboka, aliyaona mayai: ya manjano mepesi, madogo kama mkewe alivyomweleza zamani. Mama muuza mkaa alimkatia tawi zima asiulize kitu.

Alirudi nalo amelikumbatia. Alilitengenezea chupa, akaziba kwa pamba. Boksi alikuwa ameliosha kwa maji matupu na kulianika juani mpaka likaisha harufu. Viwavi walipoangua, alinyoosha vidole kumhamisha mmoja kwenye jani bichi.

"Usimshike kwa vidole," sauti ikasema kutoka kitandani. "Tumia brashi."

Kinyozi nusura adondoshe chupa. Alikimbilia dukani akachukua brashi laini ya kufutia nywele shingoni, ambayo ilikuwa bado mpya, haijaguswa na dawa, akarudi. "Hivi?"

"Polepole. Mwache apande mwenyewe."

Kuanzia hapo mke alizungumza naye tena, lakini juu ya viwavi tu. Majani ya chini yamekauka, yatoe. Yule wa pembeni anataka kujivua ngozi, usimsumbue. Kinyozi aliyapokea maneno hayo kwa shukrani, yote, hata yale ya ukali. Alipojaribu kuvuka mpaka, alirudishwa.

"Mke wangu, kuhusu wale..."

"Badilisha maji ya chupa."

Akabadilisha. Viwavi walinenepa na mke akakonda. Mashavu yalibonyea, mikono ikawa mifupa na mishipa, na baina ya neno na neno alihitaji kupumzika. Siku viwavi walipojifunga kwa uzi kiunoni, wakageuka vifuko vikavu kama majani yaliyokunjika, alimwita mumewe aketi.

"Wakitoka," alisema, "usifungue dirisha haraka. Mabawa yakauke kwanza."

"Sawa."

"Na usiangalie peke yako. Mwite mtu."

"Tutaangalia pamoja, bibie."

Mke alitikisa kichwa. "Mimi nilikuwa nakuita," alisema. "Nilikuwa nakuja pale kwenye pazia. Nasema njoo uone, anatoka. Wewe unasema, nina mteja."

"Nilikuwa na mteja."

"Siku nyingine nilichungulia. Kiti kilikuwa kitupu."

Kinyozi aliinama.

"Inauma," mke akasema, bila hasira, kama mtu anayeeleza mahali pa maumivu kwa muuguzi. "Kuona kitu kizuri hivyo, halafu huna wa kumwambia."

Kinyozi alilia. Alilia bila kujificha, ameshika shuka, na alipoweza kusema aliuliza kama amesamehewa. Mke alikuwa amefumba macho. Aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha mumewe ukakaa hapo, na kinyozi hakujua kama ni jibu au ni mkono tu uliochoka ukatafuta pa kutua.

Mke alikufa mchana wa siku isiyo na jambo lolote, mdogo wake akiwa anabadilisha mito. Vifuko vilikuwa bado vikavu, havijabadilika rangi. Hakuwaona vipepeo wale wakiruka. Kinyozi aliharakisha kila alichoweza kuharakisha, akagonga kila mlango, na bado alichelewa.

Yakapita mazishi. Wakaja watu, wakakaa, wakapika, wakaosha vyombo, wakaondoka. Shemeji alikunja nguo za dada yake, akaaga. Duka lilibaki limefungwa. Kinyozi alilala upande wake wa kitanda na upande wa pili aliuacha kama ulivyokuwa.

Asubuhi moja alipofungua pazia la dirisha aliona vifuko vimekuwa vyeusi, na ndani ya ngozi yake nyembamba yakaonekana madoa ya manjano. Akasogea. Kimoja kilipasuka mgongoni. Kikatoka kichwa, vikatoka vipapasio, ukatoka mwili mnene, uliolowa, wenye vitambaa viwili vilivyokunjamana badala ya mabawa. Kikafuata cha pili. Kinyozi alifungua mdomo kuita, na aliyetaka kumwita hakuwepo. Ilimchukua kitambo kukumbuka kwamba alikuwa ameagizwa aite mtu mwingine.

Alitoka mbio. Alipita sebuleni, akapita pazia, akapita kiti chake, akaufungua mlango wa duka kwa nguvu. "Njooni!" alipiga kelele barabarani. "Njooni haraka!"

Nyumba iliyotoka kufiwa ikipiga kelele, watu hawaulizi. Walikuja wakikimbia. Mama muuza mkaa alitangulia na ndoo ya maji akidhani ni moto, nyuma yake fundi baiskeli, nyuma yake wale wa benchi. Walijazana chumbani wakihema, wakitafuta moshi, wakitafuta maiti, na walichokiona ni kinyozi amesimama kando ya boksi, akionyesha kwa kidole.

Hakuna aliyecheka. Vipepeo walining'inia, mabawa yao yakijikunjua taratibu, yakinyooka, meusi yenye manjano, na karibu na ncha ya chini alama moja nyekundu na ya buluu. Mama muuza mkaa aliitua ndoo yake sakafuni, akainama karibu na chandarua.

"Na hawa ndio aliokuwa akiwafuga?" alinong'ona. "Miaka yote hii, humu ndani? Na siku zote wanatoka hivi hivi?"

Kinyozi alijifuta uso kwa kiganja.

"Sijui, mama," alisema. "Hata mimi ndiyo mara yangu ya kwanza kuona."